Ukifika ughaibuni, usikimbilie kununua runinga

Ukipita Mukuru kwa Njenga siku hizi, kuanzia upande wa Pipeline hadi kule Imara Daima, ni vigumu kupata ploti ambayo haina mtu aliyeko ng'ambo au anayengojea tikiti. Huyu ana dada Riyadh, yule ana kaka Doha anayelinda jengo, na jirani yao anakesha akisoma Kijerumani kwa mshumaa stima ikipotea, kwa kuwa ameambiwa kuna kazi Ujerumani. Msafiri hupewa mawaidha chungu nzima. Ajenti humfundisha kupiga pasi na kutumia mashine ya kufulia, shangazi humpa shuka, mchungaji humwombea. Lakini niwaulizapo waliotangulia ni kitu gani kiliwakosesha usingizi juma la kwanza, wachache sana hutaja chakula au joto. Wengi husema hivi: sikujua nitaongeaje na nyumbani.

Na kuna swali la pili ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni jioni nitatazama nini. Usicheke. Mtu aliyezoea kelele za ploti, ambako taarifa ya habari ya jirani huisikia kupitia ukuta wa mabati hata kama yeye mwenyewe hana runinga, akiwekwa peke yake katika chumba kimya kwenye ghorofa ya tisa ya mji asioujua, ule ukimya humla.

Leo basi tuyajadili hayo mawili, runinga na intaneti, kwa yule anayeondoka na pia kwa wale anaowaacha.

MAZOEA YA KULIPA KWANZA

Tuanze hapa nyumbani, kwa sababu mazoea ndiyo humponza msafiri. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi pale Kwa Njenga, kuweka runinga ni kazi ya alasiri moja. Unanunua king'amuzi, unafunga eriali kwenye mti juu ya mabati, unamtuma kijana apande aizungushe huku wewe ukipaza sauti kutoka ndani: "Hapo! Rudi nyuma kidogo! Hapo hapo!" Kazi imekwisha. Intaneti nayo unainunua kama unga wa kupimiwa: ya saa moja, ya siku, ya wiki. Pesa zikiisha, inakatika. Hakuna anayekuletea barua, wala hakuna anayekudai.

Mpango huu unawafaa wakazi wa mtaa ambako mtu hajui mwaka ujao atakuwa wapi. Wengi hawajasahau jinsi nyumba nyingi za Kwa Njenga zilivyobomolewa mwaka 2021 kupisha barabara, watu wakabaki na vile tu walivyoweza kubeba mikononi. Eriali ilibaki chini ya vifusi, simu ilibaki mfukoni.

Ng'ambo, hasa Ulaya na Marekani, utaratibu ni kinyume kabisa. Huko unatia sahihi kwanza, kisha pesa zinakatwa katika akaunti yako ya benki kila mwezi, utumie usitumie, kwa miezi 12, 18 au hata 24. Ukihama chumba mwezi wa nne, mkataba haujali. Ukirudi nyumbani bila kuufuta, deni linabaki likikungoja, na linaweza kukuharibia jina kwa wakopeshaji wa huko siku utakapotaka nyumba au mkopo wa gari. Nimesikia habari za vijana waliokuwa wakilipia intaneti ya nyumba wasiyoishi tena, kwa sababu tu walidhani ukizima mashine na kuifungia kabatini basi umejitoa.

Kwa hiyo nasema wazi: miezi mitatu ya kwanza, usitie sahihi mkataba wowote wa intaneti ya nyumbani. Nunua laini ya kulipia kabla, ile yenye data ya siku 30, utumie simu yako kuigawia tarakilishi waifai. Pengine kila gigabaiti itakugharimu zaidi, lakini utakuwa umejua kama kazi ni ya kudumu na kama chumba kinakufaa. Aidha, uliza mwenye nyumba mapema. Vyumba vingi wanavyokodishwa wageni na wanafunzi huwa na waifai ndani ya kodi, na ni ajabu kuona mtu akinunua ya kwake wakati neno la siri limebandikwa ukutani jikoni.

RUNINGA HAISAFIRI

Wasomaji mliokuwa Nairobi mwaka 2015 mnakumbuka yaliyotokea. Mnamo Februari 14 mwaka huo, mitambo ya analogi ya Citizen, NTV na KTN ilizimwa baada ya mvutano mrefu wa mahakamani kati ya wenye vituo hivyo na Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa karibu majuma matatu vituo hivyo havikuwa hewani kabisa. Familia nyingi zilikaa mbele ya runinga nzima isiyo na kasoro yoyote, nayo haikuonyesha kitu. Runinga haikuwa imeharibika. Lugha ya mawimbi ndiyo iliyokuwa imebadilika, Kenya ikawa inazungumza ile inayoitwa DVB-T2, na asiyekuwa na king'amuzi cha kuielewa akabaki gizani.

Jambo hilo hilo humpata msafiri, ila yeye analipia mzigo wa ndege juu yake. Kila nchi ina lugha yake ya mawimbi. Uingereza hutumia DVB-T na DVB-T2, kwa hivyo runinga ya Nairobi yenye kipokezi cha kisasa inaweza kukubali kule. Marekani hutumia mfumo mwingine kabisa uitwao ATSC, na huko runinga yako itakuwa kioo tu cha kuchomekea kifaa kingine. Kile king'amuzi chako cha kulipia kila mwezi hakitapata kitu Berlin wala Minneapolis, hata ukipande juu ya paa gani. Mwachie nyanya.

Tazama na stima pia. Hapa kwetu ni volti 240 na plagi ya meno matatu mapana. Plagi hiyo hiyo utaikuta Uingereza, Dubai, Qatar na Oman. Ujerumani ni meno mawili ya mviringo, utahitaji kiunganishi. Marekani stima ni volti 120, na kifaa chochote kilichoandikwa 240 peke yake hakitafanya kazi sawasawa huko. Geuza chaja ya simu yako usome maandishi madogo: ikiwa imeandikwa 100-240, nenda nayo popote. Pasi na birika la umeme viache nyumbani, hata kama ni vipya.

GHUBA: WAIFAI YA TAJIRI

Sasa tuje kwa kundi kubwa zaidi la wasafiri wa mitaa yetu, wale wa Ghuba. Wengi wao ni akina dada wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani, na kwa hao suala la kuweka runinga halipo. Runinga ni ya mwajiri, iko sebuleni, na pengine dishi liko juu ya nyumba likipokea mamia ya vituo vya Kiarabu kutoka setilaiti za Arabsat na Nilesat. Akibahatika, watoto wa nyumba watafungua MBC 2 ambayo huonyesha filamu za Kiingereza. Intaneti pia ni ya mwajiri. Anaweza kumpa neno la siri siku ya kwanza, anaweza kumpa baada ya miezi sita, anaweza kumnyima kabisa au kuizima saa nne usiku, saa ambayo ndiyo kwanza dada wa watu amemaliza kuosha sufuria.

Ndiyo maana nasema swali la simu liulizwe hapa Nairobi, kabla ya kutia sahihi, si kule jikoni. Muulize ajenti mbele ya mzazi au mwenzako: nitaruhusiwa kuwa na simu yangu? Saa ngapi? Laini itanunuliwa kwa jina la nani? Ajenti akicheka au akisema hayo mtaelewana mkifika, hilo nalo ni jibu, lipime.

Laini yenyewe ina mambo yake. Saudia husajili laini kwa alama za vidole, na mgeni husajiliwa kwa kibali cha ukaazi kiitwacho iqama. Kibali hicho hakitoki siku unayotua, kinaweza kuchukua wiki kadhaa. Katika kipindi hicho watu hununua laini ya wageni kwa pasipoti pale uwanja wa ndege, au mwajiri hununua laini kwa jina lake. Hii ya pili ni rahisi kwa sasa, lakini kumbuka kwamba laini iliyo kwa jina la mtu ni mali yake, na siku mkikosana anaweza kuifunga. Iqama ikitoka, sajili ya kwako.

Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi wakitua Dubai. WhatsApp inafungua, ujumbe unaandikwa na unafika, picha zinafika, lakini ukibonyeza kupiga simu, kimya. Wengine hudhani simu imeharibika. Kwa miaka mingi Muungano wa Falme za Kiarabu umezuia simu za sauti na za video za programu kama hiyo na kuruhusu programu chache zilizopewa idhini, ambayo maarufu zaidi ni Botim. Saudia ilikuwa na zuio kama hilo ikalilegeza Septemba 2017 kwa programu zinazotimiza masharti yake. Kwa kuwa sheria hizi hubadilika, muulize aliyeko huko wiki hiyo hiyo unayosafiri ni programu gani inayotumika, kisha iweke kwenye simu yako na kwenye simu ya nyumbani kabla ya kupanda ndege. Programu isiyo kwenye simu ya nyanya haina maana kuwa kwenye yako.

Vijana watakwambia, "Wewe weka tu VPN." VPN ni programu inayoficha unakotokea mtandaoni. Kabla ya kuwasikiliza, jua kwamba mwaka 2016 Falme za Kiarabu zilirekebisha sheria, zikaweka faini ya kati ya dirhamu 500,000 na 2,000,000 kwa anayeitumia kutenda au kuficha kosa. Dirhamu 500,000 ni zaidi ya shilingi milioni 17 kwa viwango vya 2025. Kuna mshahara gani wa nyumbani utakaolipa hiyo? Tuma ujumbe wa sauti, hauna matata.

NYANYA NA BANDO LA SHILINGI ISHIRINI

Hebu sasa tugeukie upande wa pili wa simu, kwa sababu makala nyingi za wasafiri huusahau.

Kuna bibi mmoja pale Kwa Njenga, muuza mboga, ambaye binti yake yuko Saudia na amemwachia mjukuu wa miaka minne. Kila Ijumaa, siku ambayo binti hupata nafasi kidogo, bibi hununua bando la shilingi ishirini na kungoja. "Mwanangu," aliniambia, "picha ikija, mtoto anakimbilia nyuma ya pazia. Anamwonea mama yake haya. Namvuta, namwambia njoo umsalimie mama. Anatoa kichwa kidogo, anacheka, anarudi. Sasa akianza kuzoea, aseme neno, simu inazima. Bando limekwisha."

Nikamuuliza binti anasema nini.

"Atasema nini? Huandika tu, 'Mama, nimemwona nywele.'"

Mtoto wa miaka minne anahitaji dakika kumi na tano kumzoea upya mtu aliyemwona juma lililopita kwenye kioo. Bando dogo la picha halina dakika kumi na tano, hasa simu ikiwa imejaa programu zinazokula data kimya kimya. Hapa pana mambo ambayo familia inaweza kufanya bila kuongeza hata senti.

La kwanza, zima picha mpaka mtoto azoee. Simu ya sauti kwa intaneti hula sehemu ndogo tu ya ile inayoliwa na simu ya picha. Mtoto na aisikie sauti kwanza huku akicheza, na akianza mwenyewe kuuliza, "Mama uko wapi?" hapo ndipo picha ifunguliwe. Dakika tano za picha wakati huo ni bora kuliko ishirini za pazia.

La pili, nunua data isiyoisha muda. Safaricom ilianzisha bando za namna hiyo Oktoba 2019, na kwa mtu anayeongea na mwanawe mara moja kwa juma zinafaa kuliko za saa ishirini na nne, ambazo huisha Jumamosi zikiwa hazijaguswa kwa sababu mwajiri alipata wageni Ijumaa. Halafu ingia katika mipangilio ya simu uzuie programu kujisasisha zenyewe na filamu kujifungua zenyewe. Kijana yeyote wa shule ya upili hapo ploti atakufanyia kazi hiyo kwa chapati moja.

La tatu ni ujumbe wa sauti, ambao mimi nauona kuwa hazina ambayo hatuitumii. Wenye umri wa makamo mnakumbuka enzi za kaseti, mtu alipojirekodi nusu saa akizungumza na ndugu zake, kisha kanda ikasafiri mfukoni mwa mtu anayeondoka. Ujumbe wa sauti ni kaseti ile ile bila nauli. Mama anaweza kurekodi hadithi ya dakika tatu usiku wa manane akiwa kitandani, ikangoja simuni hadi mtoto atakapolala kesho. Mtoto ataisikiliza mara hamsini bila kulipia tena, kwa kuwa imeshashuka kwenye simu. Tena haizuiwi hata kule ambako simu zinazuiwa.

Na simu ya nyumbani ni ipi? Kama bibi ana kabambe ya tochi, mpango wote huu ni bure. Kabla ya kuondoka, msafiri aache simu ya kugusa iliyokwisha kulipwa. Nasisitiza iliyokwisha kulipwa, maana zile simu za kulipia shilingi kidogo kila siku hujifunga zenyewe malipo yakikoma, na mwenye kulipa akiwa bado anangoja mshahara wa kwanza huko Saudia, bibi atabaki na kipande cha kioo. Chajini simu alasiri, msingoje jioni, kwa sababu mnajua stima ya kwetu hupotea saa ile ile kila mtu anapowasha taa.

Isitoshe, kila mmoja na akariri kichwani namba mbili za simu, na aziandike pia kwenye karatasi ndani ya begi. Simu inaweza kuchukuliwa, kuibwa au kuanguka majini. Aliyeikabidhi simu kumbukumbu yote hana wa kumpigia hata akiazimwa simu ya mpita njia.

LAINI YA KENYA ISIFE

Watu wengi wakifika ng'ambo huitupa laini ya Kenya kwenye soksi. Hilo ni kosa kubwa. M-Pesa yako, benki yako na akaunti yako ya eCitizen hutuma namba za siri kwa laini hiyo. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, namba ikauziwa mtu mwingine, nawe ukawa hujui ni nani anayepokea ujumbe wa benki yako. Kabla ya kuondoka fungua huduma ya kutumia laini nje ya nchi, lakini uzime data yake, isije ikala salio lote usiku mmoja. Weka laini hiyo pamoja na ya ugenini kama simu yako ina nafasi mbili, uijazie salio kidogo na kuitumia mara kwa mara. WhatsApp inaweza kuendelea na namba ya Kenya ingawa data unayotumia ni ya laini ya huko, kwa hivyo usiharakishe kubadili namba, ndugu watakupoteza. Na usimwachie mtu laini pamoja na namba ya siri ya M-Pesa, hata awe ni kaka wa toka nitoke.

BARUA ZA ULAYA

Tangu Kenya na Uingereza zitiliane sahihi mkataba wa wauguzi Julai 2021, na Ujerumani nayo ikaja na wake Septemba 2024, maswali ya Ulaya yameongezeka. Huko unaweza kujiwekea runinga yako chumbani, lakini kuna ada ambayo hapa kwetu hatuijui.

Uingereza mtu hulipa leseni ya runinga. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, yaani kama shilingi 30,000 hivi. Leseni hiyo haifuati kifaa, inafuata unachotazama. Ukitazama kituo chochote kinachorusha matangazo wakati ule ule, iwe kwa runinga, tarakilishi au simu, na hata kituo kiwe cha ng'ambo, unahitaji leseni. Ukitazama BBC iPlayer pia unahitaji. Ukitazama tu filamu na video zilizorekodiwa kwenye mitandao mingine, huhitaji. Ukikamatwa bila leseni, mahakama inaweza kukutoza hadi pauni 1,000. Mkiwa nyumba moja na mkataba mmoja wa pamoja wa kodi, leseni moja yatosha. Kila mtu akiwa na mkataba wake wa chumba, kila mtu na yake. Barua za kuuliza zitakuja hata kama huna runinga, nazo zimeandikwa kwa ukali. Usizitupe. Wajibu kwamba huhitaji, kama kweli huhitaji.

Ujerumani hawakuulizi unatazama nini. Kila kaya hulipa yuro 18.36 kwa mwezi, kiwango kilichoanza 2021, uwe na runinga au usiwe nayo. Ukishasajili anwani yako kwa serikali ya mji, barua inafika, nayo ni ya Kijerumani kitupu, na ndipo wageni wengi huidhania tangazo la biashara na kuifungia viazi. Deni linapanda. Mkiishi wanne nyumba moja, mmoja analipa na kuwatajia wengine namba yake, basi. Mtu asikubali kulipa mara nne.

Kuhusu mikataba ya intaneti, Ujerumani ilibadili sheria Desemba 2021: mkataba wa kwanza usizidi miezi 24, na ukiisha unaweza kujitoa kwa notisi ya mwezi mmoja. Uingereza ukinunua kwa simu au mtandaoni una siku 14 za kughairi, na tangu Januari 2025 kampuni zinatakiwa kukwambia kwa pauni na peni bei itapanda kiasi gani katikati ya mkataba mpya. Uliza swali hilo moja kwa moja: mwezi wa kumi na tatu nitalipa ngapi? Bei ya tangazo dirishani ni ya miezi ya mwanzo tu.

Marekani hakuna leseni wala ada ya runinga. Eriali ya ndani ya bei nafuu itakupa vituo vya bure vya mji wako, na wengi hawaambiwi hilo kwa sababu wauzaji wanataka ununue kebo. Kwa intaneti, mgeni asiye na historia ya mkopo anaweza kuombwa amana. Ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini kulipa intaneti, ambao ndugu zetu wengi waliusikia, uliisha Juni 2024, kwa hivyo yeyote anayekuuzia fomu zake leo anakuibia. Maktaba za miji mingi zina waifai ya bure, na baadhi huazimisha hata kifaa cha kubeba nyumbani kama kitabu.

TAARIFA YA SAA MOJA

Ukishapata intaneti inayotosha, runinga ya nyumbani itakufuata yenyewe. Vituo vikubwa vya Kenya hurusha matangazo yao moja kwa moja kwenye YouTube, na mtu wa Leeds anaweza kuisikia taarifa ya Kiswahili sambamba na jirani yake wa zamani wa Kwa Njenga, almuradi leseni ile tuliyoitaja ipo. Pima tu matumizi: saa moja ya picha ya ubora wa kawaida hula takriban gigabaiti 1, ya ubora wa juu takriban 3. Kwenye simu yenye data ya kupimiwa, shusha ubora hadi wa chini kabisa. Uso wa msomaji habari utakuwa na ukungu kidogo, lakini sauti ni ile ile.

Na saa zenyewe zijulikane pande zote mbili. Saudia na Qatar saa yao ni sawa na ya Nairobi. Dubai na Oman wako mbele kwa saa moja. Taarifa yetu ya saa moja usiku, London huwa ni saa kumi jioni wakati wa baridi na saa kumi na moja wakati wa kiangazi, kwa maana hubadilisha saa zao Machi na Oktoba. Minneapolis huwa ni saa nne au saa tano asubuhi, mtu yuko kazini. Andikeni saa hizo kwenye kalenda ya ukutani, na chini yake mwandike siku na saa ya kupiga simu, kwa herufi ambazo bibi anaweza kusoma bila miwani.

Jumapili ijayo tutazungumzia njia za kutuma pesa nyumbani na makato yake. Wenye maswali juu ya hilo, leteni barua zenu mapema.